Usha Uthup, mwimbaji wa ukumbi wenye meza

Huku kwetu wengi wanaomjua Usha Uthup, mwimbaji wa India, wanamjua kwa filamu. Taja tu "Rambha Ho" ya mwaka 1981, na yeyote aliyekulia nyumba yenye kaseti za Kihindi ataanza kutikisa mabega. Mimi ni mpiga kinanda wa bendi za hoteli, na kwa jicho la kazi yangu filamu ni sehemu ndogo ya habari ya mama huyu. Kazi yake kubwa ameifanyia kwenye kumbi ambamo watu wanakula, wahudumu wanapita na trei, na mwimbaji anapewa nyimbo mbili tatu tu za kuwafanya waweke uma chini. Akishindwa hapo, usiku mzima umekwenda.

Alianza mwaka 1969 mjini Madras, siku hizi Chennai, kwenye klabu ndogo iliyoitwa Nine Gems, chini ya jengo la sinema la Safire, barabara ya Mount Road. Jina lake wakati huo lilikuwa Usha Iyer, binti wa Kitamili aliyezaliwa Bombay mwaka 1947. Shuleni alikuwa ameshatolewa kwenye darasa la muziki kwa kuwa sauti yake ni nzito mno kwa kwaya ya wasichana. Basi akapanda jukwaani na sari. Klabu za namna ile zilizoea kumwona mwimbaji wa kike ndani ya gauni la Kizungu, maana sari ilikuwa vazi la nyumbani, la harusi na la hekaluni. Mtu amekaa na glasi yake, mbele yake kasimama binti wa heshima zake, bangili mpaka karibu na kiwiko, alama kubwa kwenye paji la uso, halafu inatoka sauti nzito ya nyimbo za Kimarekani. Lazima ageuke kumtazama, na kwa mwimbaji wa klabu huo tayari ni mtaji.

Kutoka hapo akapita Talk of the Town kule Bombay, kisha Trincas, mkahawa wa Park Street mjini Calcutta. Trincas ndipo alipokutana na Jani Uthup, mumewe wa baadaye. Watu wa filamu nao walimsikia ukumbini, kwenye hoteli ya Oberoi mjini Delhi, wakamwita kurekodi. Kwa hiyo hata mlango wa sinema aliufungulia jukwaani.

Sasa nizungumzie sauti, maana hapa ndipo wanabendi tunapotoka jasho. Mwimbaji wa kike akija mazoezini na wimbo ulioimbwa na mwanamume, kazi ya kwanza ni kuhamisha ki, yaani kupandisha au kushusha sauti ya wimbo mzima. Ukipandisha ili imfae, besi inapoteza uzito wake na gitaa linaanza kulia mahali ambapo halikukusudiwa. Usha sauti yake inakaa chini kabisa, kwa hiyo nyimbo nyingi za wanaume anaziimba karibu na pale zilipozaliwa, na bendi haipotezi uzito wake. Faida ya pili watu huwa hawaioni. Kelele za ukumbini, vijiko, vicheko, glasi, zinakaa juu. Mwimbaji wa sauti nyembamba anashindana nazo. Mwenye sauti nzito anapita chini yake bila kupaza. Ila kuna sharti: mpiga besi na mpiga ngoma wampishe, vinginevyo watamfunika pale pale anapotegemea kusikika. (Wapiga ngoma wa hoteli wanaopasua kuni kila wimbo, mnajijua.)

Halafu lugha. Anaimba kwa lugha nyingi za India na kadhaa za nje, na katika onyesho moja anaruka kutoka Kihindi kwenda Kibengali, Kitamili, Kiingereza, bila kumwacha mtu nyuma. Siyo mbwembwe. Ukumbi wa hoteli una meza za watu wa asili tofauti, na kila meza inataka kuguswa. Ukiimba dakika nne kwa lugha ya meza ya pembeni, meza ile ni yako mpaka waite bili.

Ndipo tunafika Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuja Kenya kwenye tamasha la Kihindi, akapendwa, akaombwa aendelee kukaa. Aliimba kwa Kiswahili, akaimba "Malaika" pamoja na Fadhili William mwenyewe, na ikatoka santuri ya onyesho lake la moja kwa moja alilofanya Nairobi na bendi ya Fellini Five. Nani hasa alitunga "Malaika", Fadhili au Adam Salim wa Tanzania, ni ugomvi wa zamani na sitauingilia leo. Kama chaguo la mwimbaji mgeni, wimbo ule ni wa akili. Kodi za kupiga kwenye kinanda au gitaa ni tatu nne, mwendo ni wa taratibu, na ukumbi mzima unaujua. Irabu za Kiswahili nazo zina uwazi ambao ulimi uliolelewa kwa Kitamili haupati tabu nao. Hatari yake ni nyingine: wimbo unaojulikana na kila mtu haufichi kitu. Ukikosea pumzi mahali ambapo msikilizaji amezoea kupumua pamoja nawe, anakukamata. Kuusimamia mbele ya watu wa Nairobi, ubavuni pa mtu aliyeurekodi kabla yako, kunahitaji kifua.

Nyumbani hakupendwa na wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waziri mmoja wa jimbo la West Bengal aliona muziki wake unaharibu utamaduni, na Usha akafungiwa kumbi za serikali. Alikwenda mahakamani, akashinda. Kumbi hizo zilikuwa na thamani kwake, ila nadhani alikuwa na ujasiri wa kusubiri hukumu kwa kuwa mwimbaji wa meza daima ana pengine pa kuimba wiki ijayo.

Heshima za serikali ya India zilikuja baadaye, Padma Shri mwaka 2011 na Padma Bhushan 2024. Katikati alipata Filmfare, tuzo ya filamu za Kihindi, pamoja na mwimbaji mwenzake Rekha Bhardwaj kwa wimbo wa filamu 7 Khoon Maaf. Vizuri. Mimi nimerudia zaidi video fupi ya mwaka 2023, akiwa Trincas, umri umepita miaka 70, anaimba "Flowers" ya Miley Cyrus. Wimbo wenyewe umekaa chini tangu ulipotungwa, kwa hiyo hana haja ya kuubeba. Anauweka tu pale sauti yake ilipo, sari mwilini, na watu mezani wameshatoa simu.