Kwa nini The Vanessa Show ya BBC ilifutwa kabla haijatimiza mwaka?

Januari 1999, BBC One ilianza kurusha kipindi kipya cha mazungumzo, The Vanessa Show, katika zile saa ambazo watu wengi wako kazini na televisheni inatazamwa na walio nyumbani. Mwaka huo haukuisha, kipindi kikafutwa. Ukiuliza sababu utaambiwa upesi: baadhi ya wageni wake walikuwa wa bandia. Ni kweli. Lakini hapo ndipo swali lenyewe linapoanza. Shirika lenye fedha, wanasheria na waandaaji wazoefu linafikaje mahali pa kumweka mbele ya kamera mtu aliyekodiwa kuja kusimulia maisha yasiyo yake?

Mwendeshaji, Vanessa Feltz, hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Tangu 1994 alikuwa na kipindi cha namna hiyohiyo ITV, televisheni ya biashara ya Uingereza, kilichotengenezwa na kampuni ya Anglia. Ni mwanamke wa maneno, mcheshi, anayemuuliza mtu swali la ndani bila kupepesa macho. BBC wakamnyakua kwa mkataba ambao magazeti yaliutaja kuwa wa pauni milioni 2.7. ITV nao hawakukaa matanga. Mwaka 1998 walimpa nafasi Trisha Goddard, akaendelea palepale mwenzake alipoachia. BBC walikuwa wamemnunua mwendeshaji, ila mazoea ya watazamaji yalibaki ITV.

Vipindi hivi asili yake ni Marekani. Phil Donahue alianza mjini Dayton, Ohio, mwaka 1967. Oprah Winfrey akaanza kuonekana nchi nzima 1986. Baadaye Jerry Springer akaugeuza ukumbi kuwa ulingo wa ndondi. Uingereza, BBC ilikuwa na Kilroy tangu 1986, chenye staha kiasi, watu wakijadili mada ya siku. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ladha ilikuwa imebadilika. Watazamaji walitaka mke, mume na hawara wakae jukwaa moja, wasutane.

Na watu wa kusutana hawaokotwi njiani. Kipindi cha kila siku ya kazi kinahitaji mada tano kwa wiki, na kila mada inataka wageni kadhaa. Njia ya kawaida ya kuwapata ilikuwa tangazo mwishoni mwa kipindi: swali moja, mathalani kama unashuku mwenzio ana mtu wa nje, na namba ya simu. Anayepokea simu hizo mara nyingi ni kijana wa mkataba mfupi, anayejua kwamba akishindwa kuleta watu, nafasi yake ina wengi wanaoimezea mate. Anamsikiliza mpigaji, anachunguza kama kisa kina ukweli, anamtafuta na upande wa pili, anawakatia tiketi za treni, anawatafutia hoteli. Kisha usiku wa kuamkia siku ya kurekodi mgeni anaingiwa na aibu. Hapatikani tena kwenye simu. Studio imelipiwa, hadhira imealikwa, kiti kitupu.

Hapo ndipo wakala wa burudani anapoonekana mkombozi. Ana orodha ya watu waliozoea kutazamwa, hawatetemeki mbele ya taa, wanafika kwa wakati, na machozi yao yanakuja yakihitajika. Kwa macho ya kazi tu, huyo ni mgeni bora kuliko mwenye kisa cha kweli, ambaye mara nyingi anaongea kwa kigugumizi na kuruka sehemu tamu.

Februari 1999 gazeti la Daily Mirror likafichua mambo. Liliandika kwamba miongoni mwa waliojitokeza kwenye kipindi walikuwamo wasanii na wacheza dansi wa kuvua nguo waliopatikana kupitia wakala. Wanawake wawili walioletwa kama ndugu wa damu wenye ugomvi mkubwa, kumbe hawakuwa ndugu kabisa. BBC iliwasimamisha kazi baadhi ya waandaaji na kufanya uchunguzi. Feltz alisema hakuwa na habari, na sioni sababu ya kumshuku: katika vipindi hivi mwendeshaji hukutana na mgeni jukwaani, baada ya wengine kumtafuta na kumwandaa.

Uongo kama huo pengine ungesahaulika haraka kama si wakati uliotukia. Miezi miwili tu kabla, Desemba 1998, msimamizi wa televisheni za biashara aliitoza Carlton, kampuni mojawapo ya ITV, faini ya pauni milioni 2 kwa filamu ya habari, The Connection, iliyodai kuonyesha safari ya dawa za kulevya kutoka Kolombia hadi London, huku sehemu zake zikiwa za kuigiza. Nchi ilikuwa tayari inajiuliza nini kwenye televisheni ni kweli. Halafu jina la BBC linatajwa! ITV inaishi kwa matangazo ya biashara. BBC inaishi kwa ada ya leseni ambayo hulipwa na nyumba zinazotazama televisheni. Kashfa ikitokea huko, mlipaji anajiona ameibiwa yeye mwenyewe. Kipindi kikasukumwa miezi michache zaidi, kisha kikazimwa. Feltz hakupotea: alijipatia jina upya redioni, tena hukohuko BBC, kwa miaka mingi.

Biashara yenyewe haikufa. Mwaka 2005 ITV ikaleta The Jeremy Kyle Show, ambako wageni walipimwa kwa mashine ya kubaini uongo. Sasa shida ikageuka upande. Watu walikuwa wa kweli, na machungu yao ya kweli, wakirudi nyumbani baada ya kuzomewa mbele ya nchi nzima. Mei 2019 mgeni mmoja alifariki siku chache baada ya kurekodi kipindi alichoshindwa kipimo hicho, na ITV ikakifuta. Bunge likafanya uchunguzi wake, na tangu Aprili 2021 kanuni za Ofcom, msimamizi wa utangazaji, zinavidai vituo vijali hali ya mgeni anayeweza kudhurika kwa kushiriki kipindi.