Tui la kopo, baht na dola: sarafu zinavyogusa bei ya vyakula vya Thailand ughaibuni

Mswahili aliyeko Leicester au Minneapolis akitaka wali wa nazi, mara nyingi hana mbuzi wala nazi ya kukuna. Anachukua kopo la tui, na aghalabu kopo hilo limetoka Thailand. Rafu hiyohiyo ina mchele wa Hom Mali wenye harufu yake, sosi ya samaki, tambi za mchele na viungo vilivyosagwa vya mchuzi wa kijani na mwekundu. Bei za vitu hivi huweza kupanda hata msimu ambao huko Thailand nazi na mpunga vimetulia. Sababu mojawapo ni kiwango cha kubadilisha fedha, yaani bei ya sarafu moja ikipimwa kwa nyingine: baht ngapi kwa dola moja, dola ngapi kwa pauni moja.

Wengi hudhani sarafu ya kuangalia ni baht. Chakula cha Thailand, pesa ya Thailand. Biashara yenyewe haiendi hivyo. Mchele wa Thailand unaouzwa nje hutajiwa bei kwa dola za Marekani kwa tani, ukiwa umeshapakiwa melini. Ankara nyingi za viwanda vya tui na sosi nazo huandikwa kwa dola, na nauli ya kontena ni dola vilevile. Kwa hiyo mwagizaji wa London ana pauni mfukoni na deni la dola. Anayeumiza kichwa na baht ni mwenzake wa Bangkok, anayelipa wakulima, vibarua na umeme.

Mwaka 2022 ni mfano mzuri. Mwanzoni mwa mwaka pauni moja ilikuwa kama dola 1.35, na dola moja kama baht 33. Kufikia mwisho wa Septemba, baada ya bajeti ndogo ya Kwasi Kwarteng, waziri wa fedha wa Uingereza wakati huo, kuitikisa sarafu ya nchi hiyo, pauni ilikuwa inazunguka dola 1.07, na baht nayo ilikuwa imedhoofika hadi 38 hivi kwa dola. Ukipima pauni kwa baht, imeshuka kutoka 45 hivi hadi kama 40, jambo la kuvumilika. Ukiipima kwa dola, mwagizaji alihitaji pauni nyingi zaidi kwa kama asilimia 26 ili kulipa ankara ileile. Sarafu ya Thailand ilidhoofika, na bado chakula cha Thailand kikawa ghali kwa mnunuzi wa Uingereza.

Sasa mbona kopo halikupanda kwa asilimia 26? Tuchukue hesabu ya kubuni. Kopo la mililita 400 linauzwa pauni 1.80 dukani, na mwenye kiwanda analiuza senti 80 za dola. Kwa kiwango cha 1.35, senti hizo 80 ni peni 59. Kwa kiwango cha 1.07 ni peni 75. Nyongeza ni peni 16, ambayo kwenye bei ya rafuni ni kama asilimia 9. Peni nyingine zote, yaani pango la duka, mishahara ya makeshia, lori la kutoka ghalani na faida ya kila aliyeligusa kopo njiani, zililipwa kwa pauni tangu mwanzo na hazijui dola ni nini. Nauli ya meli inaongeza kidogo upande wa dola. Ndiyo maana kitu kinachouzwa kwa jumla, kama gunia la mchele la kilo 20, huonja mtikisiko wa sarafu zaidi kuliko kichupa cha viungo: katika gunia, sehemu kubwa ya bei ni mchele wenyewe.

Na hizo peni 16 si lazima zimfikie mnunuzi. Maduka makubwa hayapendi kuivuka bei iliyozoeleka, pauni 1.80 ikigeuka 1.96, mteja anaona. Wengine humbana mwagizaji ameze hasara kwa miezi kadhaa. Wengine hupunguza ujazo, au huleta kopo lenye jina la duka ambalo ndani yake maji yamezidi. Hili la mwisho linaonekana kwa macho: geuza kopo usome asilimia ya nazi. Moja lina hamsini na kitu, jingine linapita sabini, na kwa mbali yanafanana kama mapacha. Mimi naona huo ni upandishaji bei kama mwingine wowote, ila umevaa baibui.

Duka dogo la Waasia mtaani halina nafasi ya michezo hiyo. Linanunua kidogokidogo kwa muuzaji wa jumla, na bei ikibadilika huko, kibandiko kinabadilika upesi. Supamaketi kubwa huwa na mkataba wa miezi, na mwagizaji wake huenda amekubaliana na benki mapema kiwango atakachonunulia dola, kwa hiyo msukosuko wa leo hufika rafuni baadaye.

Kurudi chini ndiko kunakochelewa zaidi. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilipita shilingi 160 za Kenya. Kufikia Aprili ilikuwa imeshuka hadi 130 hivi. Mwenye chupa za sosi ya samaki ghalani Nairobi alizozinunua dola ikiwa 160 hana haraka ya kushusha. Kwanza amalize shehena ile, kisha amtazame jirani kama ameshusha. Jirani naye anamtazama yeye.

Hata hivyo baht si ya kupuuzwa. Tarehe 2 Julai 1997 Thailand iliacha kuishikilia sarafu yake karibu na baht 25 kwa dola, na kufikia Januari 1998 dola moja ilipita baht 50. Muuzaji nje aliyelipwa dola alijikuta na baht maradufu kwa mzigo uleule. Mnunuzi wa nje anayejua hesabu hiyo huomba punguzo. Kwenye mchele hulipata, kwa kuwa India na Vietnam zinauza pia na hakuna anayetaka meli iondoke tupu. Kwenye viungo vya chapa inayopendwa halipati kirahisi. Baht ikipanda, mambo hugeuka: muuzaji anabanwa, anaomba dola zaidi kwa tani, na wanunuzi wanaanza kuulizia mchele wa Vietnam.

Jodari wa kopo ana hadithi yake. Thailand ni msafirishaji mkubwa kuliko wote wa bidhaa hiyo, na kampuni yake ya Thai Union ndiyo inayomiliki John West ya Uingereza na Chicken of the Sea ya Marekani. Lakini samaki wengi wanaoingia viwandani humo wamevuliwa mbali, wakaletwa wakiwa wamegandishwa, na hununuliwa kwa dola. Baht ikishuka, mwenye kiwanda anapata nafuu kwenye mishahara, umeme na lori la kwenda bandari ya Laem Chabang. Kwenye samaki mwenyewe hapati nafuu yoyote.