Nesi ananawa baada ya kukuhudumia, je kabla?

Ukiwa wodini unauguza mtu wako hebu angalia kitu kimoja. Nesi akimaliza kufunga kidonda au kumwaga mkojo wa mgonjwa anaenda moja kwa moja kwenye sinki, anasugua kweli kweli. Sasa kabla hajakushika wewe je? Hapo ndo kwenye kazi, na sisi watu wa kudhibiti maambukizi tunaliona kila siku. Sio kwamba hajui, alisomea. Ila akishashika damu uchafu anauona, mwili wenyewe unamwambia kanawe, anajihami yeye na wanae nyumbani, wakati kabla hakuna kinachomsukuma, mkono unaonekana msafi tu kumbe umetoka kushika faili, kitasa, simu na shuka la mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Shirika la Afya Duniani linataja nyakati 5: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi kama kuweka kanula (kile kimrija cha mshipani cha dripu) au katheta (mpira wa mkojo), baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Hizo mbili za mwanzo ndo za kumlinda mgonjwa hasa. Ya kanula msiichukulie poa, pale unafungua njia inayoingia kwenye damu moja kwa moja.

Mama anayebangua korosho kwa mkono hapa kwetu Mtwara analijua hili bila semina, mafuta ya ganda yanaunguza ngozi kwahiyo anajikinga kabla hajashika, hangoji mpaka aungue.

Glovu nazo zinadanganya sana watu. Nesi kavaa glovu, kaenda kitanda cha 4, kahamia cha 5 na glovu zile zile, kila mtu anaona kinga ipo, kumbe aliyelindwa ni nesi peke yake. Glovu zinabadilishwa kila mgonjwa, na ukizivua unanawa, maana zinaweza kuwa na tundu usiloliona na hata wakati wa kuzivua mkono unachafuka.

Tusimuonee nesi pia. Piga hesabu, kunawa kwa maji na sabuni ni sekunde 40 hadi 60, wodi ina wagonjwa 30, hiyo ni kama nusu saa ya kunawa tu kwa raundi moja na bado hujatembea kwenda sinki. Halafu huku Newala na Tandahimba juu ya uwanda wa Makonde maji yenyewe ni ya kutafuta. Ndo maana sanitaiza ikae kitandani au kwenye toroli, sio kwenye kabati la in-chaji (nesi mkuu wa wodi) limefungwa, sekunde 20 hadi 30 umemaliza. Kule Geneva hospitali moja ilisogeza sanitaiza karibu na vitanda, ikaweka na mabango, na unawaji ukapanda toka asilimia 48 ya nyakati zinazotakiwa mwaka 1994 hadi 66 mwaka 1997, na manesi walifanya vizuri kuliko madaktari (madaktari wangu mnisamehe).

Kuna wanaoiogopa sanitaiza eti inakausha mikono. Ile ya fomula ya Shirika la Afya Duniani ina gliserini humo humo kwa ajili ya ngozi, mara nyingi inayopasua mikono zaidi ni sabuni kali ya kila saa. Ila mkono ukionekana na damu au kinyesi, au mgonjwa anaharisha, hapo ni maji na sabuni, sanitaiza haitoshi.

Na nyie ndugu mnaoleta uji na kumgeuza mgonjwa, mnahusika pia, usitoke kumfuta wako ukaenda kumsaidia wa jirani na mikono hiyo hiyo. Kumwambia nesi anawe najua ni kazi, mtu anaogopa ataonekana mjuaji halafu mgonjwa wake apuuzwe. Wewe msogezee chupa tu, "shikamoo sista, sanitaiza hii hapa", wengi wanacheka wanapaka.