Mtoto anaharisha: kwa nini maji matupu hayatoshi?

Swali: Mwanangu ana mwaka na nusu, anaharisha tangu jana. Nampa maji safi, lakini zahanati hapa Uyole wamenipa paketi za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Kuna tofauti gani?

Jibu: Tofauti ni kubwa, mama. Utumbo hauna namna ya kuyavuta maji yenyewe. Maji hufuata chumvi. Bila shaka umewahi kunyunyizia chumvi vitunguu vya kachumbari. Baada ya muda mfupi bakuli lina maji ambayo hukuyatia. Yametoka ndani ya seli za kitunguu, yakapenya utando wake kwenda upande wenye chumvi nyingi. Hiyo ndiyo osimosisi. Kwa mwanao, chumvi lazima itangulie kuvuka utumbo, ndipo maji yafuate.

Swali: Sasa sukari ya nini?

Jibu: Utando wa seli ni wa mafuta, na chumvi haipenyi mafuta. Huvushwa na protini maalumu zilizo kwenye utando huo. Mojawapo, katika utumbo mwembamba, ni kama bajaji za Mwanjelwa: haiondoki mpaka abiria watimie. Abiria wake ni chembe 2 za sodiamu, iliyomo kwenye chumvi, na 1 ya glukosi, ambayo ni sukari. Glukosi isipokuwepo, sodiamu inabaki kituoni. Hata kwenye kipindupindu, ambapo sumu ya bakteria huzifanya seli zimwage chumvi na maji, protini hii huendelea kuvusha. Ndiyo maana paketi ile ndogo huokoa maisha, nami nasikitika kila ninapoona mtu akiidharau.

Swali: Nikimpa soda je? Ina sukari.

Jibu: Tafadhali usimpe. Sukari yake imezidi; inayobaki utumboni huvuta maji kutoka mwilini, mtoto akazidi kuharisha. Kuongeza chumvi nako ni hatari. Paketi ya lita 1 ichanganywe na lita 1 kamili ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Ukishachanganya usichemshe tena, na yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage. Mpe kidogokidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, uendelee.

Swali: Na vidonge vya zinki?

Jibu: Mpe kama ulivyoelekezwa, siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Macho yakididimia, akilegea, akishindwa kunywa au ukiona damu kwenye choo, mrudishe zahanati mara moja, usisubiri kukuche.