Hawakuwa wanakimbia

Jana tena. Nimemwonyesha mgeni mtaa wa Lyon, Ufaransa, uliopigwa filamu mwaka 1895, naye hata dakika haikuisha: "Kumbe watu wa zamani walikuwa wanatembea kama kuku!"

Hapana. Walitembea kama sisi. Anayewakimbiza ni projekta.

Kamera ya akina Lumière, ndugu wawili wa Ufaransa walioipiga filamu hiyo, ilizungushwa kwa mkono, mizunguko miwili kwa sekunde, fremu nane (picha moja moja za mkanda) kila mzunguko. Hiyo ni fremu 16 kwa sekunde. Mkanda ulikuwa na mita 17 hivi, karibu fremu 900. Uonyeshe kwa 16, unapata sekunde 56. Uonyeshe kwa 24, mwendo uliokuja na filamu za sauti, unapata 37. Theluthi ya muda wao imeliwa, halafu tunawacheka.

"Basi weka 16, yaishe." Hapo ndipo ninapochoka kabisa. Mkono si mota! Mpiga picha alichoka, aliona gari linamjia akaongeza kasi, na mwendo hubadilika ndani ya mkanda mmoja. Kwa hiyo, ili nijue kasi ya kuionyesha, natafuta vitu visivyojua kamera: maji yanayomwagwa, farasi anayevuta mkokoteni, sketi inavyoshuka upepo ukipita. Watembea kwa miguu nawaacha mwisho, maana ninaposema "sasa wanatembea sawasawa", huenda nimewapa mwendo wa mtaa wangu mwenyewe. Shaka hiyo sijawahi kuiondoa.

Kwa ile filamu ya Market Street, San Francisco, iliyopigwa mbele ya gari la kebo siku chache kabla ya tetemeko la Aprili 18, 1906, nilidhani nimepata saa ya kuaminika. Kebo inayolivuta, chini ya barabara, inakwenda kwa kasi moja. Pima umbali, upate muda. Lakini dereva akilegeza koleo linaloishika, kebo inaendelea na gari linabaki nyuma.

Na hizi filamu za zamani zinazopakwa rangi kwa akili unde na kufikishwa fremu 60 kwa sekunde? Fremu za katikati hakuna aliyezipiga, zimebuniwa. Ulaini si usahihi. Mkanda ulioingizwa ukiwa unakimbia hutoka ukiwa unakimbia, tofauti ni kwamba sasa unateleza.

Mtaa wa Lyon nimeuacha kwenye fremu 17 kwa sekunde. Farasi wamekubali. Wapita njia bado nawatazama.