Kikohozi Kisichoisha na Saratani ya Mapafu: Maswali Ninayoulizwa Nairobi

Vimeng'enya vinahusianaje na saratani ya mapafu?

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi ndani ya seli, ikiwemo kuvunja sukari ili ipatikane nguvu. Katika miaka ya 1920, mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg aligundua kwamba seli za saratani hufakamia sukari na kuigeuza laktati (zao la sukari iliyovunjwa nusu tu) hata oksijeni ikiwepo. Uvimbe wa mapafu wenye wingi wa vimeng'enya kama heksokinasi 2, kinachoanzisha kazi ya kuvunja sukari, kwa kawaida huwa mkali zaidi, na wagonjwa wake kwa wastani huishi muda mfupi.

Basi niache sukari, saratani ife njaa?

Ini litatengeneza glukosi hata ukifunga. Utakayekonda ni wewe, na aliyekonda hastahimili kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani.

Nipimwe vimeng'enya nijue nitaishi muda gani?

Huchunguzwa kwenye kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe, na mara nyingi ni kwa utafiti, si kwa kuamulia matibabu. Kinachoamua zaidi ni hatua ambayo ugonjwa umefikia ulipogunduliwa. Hapo ndipo tunapopoteza watu.

Kivipi?

Kwa kuzunguka kemisti. Juzi dereva mmoja wa matatu alinimwagia mezani bahasha sita za kaki: amoksilini mara tatu, sirapu, vidonge vya mzio, tena amoksilini. Miezi saba! Leso yake ilikuwa na madoa ya damu, rangi ya kutu. Hakuna aliyemwambia apige picha ya kifua.

Lakini si kikohozi kirefu huwa TB?

Mara nyingi, ndiyo. Kikipita wiki mbili, kapime makohozi. TB isipoonekana na bado unakohoa, kapige picha ya kifua, usirudi kwa kemisti. Na kama tayari unameza dawa za TB na miezi miwili imepita bila nafuu, dawa usiziache, ila rudi kliniki uangaliwe upya. Usingoje dozi iishe.

Sijawahi kuvuta sigara.

Njoo tu. Nimeona akina mama wenye saratani hii ambao hawajawahi kuishika sigara, wamepika kwa makaa miaka nenda miaka rudi ndani ya chumba kimoja.

Nimalize hii chupa ya sirapu kwanza?

Hapana. Ukikohoa damu, njoo leo. Kikohozi kikipita wiki mbili, njoo. Chupa uje nayo nione ulichokuwa ukinywa.