Kuotesha upya neva za utumbo: kutengeneza seli tunaweza, kazi ipo mbele

Chukua utumbo wa mnyama, kata neva zote zinazoingia kutoka nje, yani ubongo na uti wa mgongo visiwe na la kusema tena, afu weka kitu ndani yake. Utashangaa, bado unasukuma! Unajibana nyuma ya kile kitu na kulegea mbele yake, kinasogea. Bayliss na Starling waliliandika hili Uingereza mwaka 1899 na ndo msingi wa kazi ninayofanya kila siku, kwa sababu linaonyesha utumbo una neva zake wenyewe. Zimekaa ndani ya ukuta, kundi moja katikati ya tabaka mbili za misuli na jingine karibu na utando wa ndani, na kwa jumla ni seli zaidi ya milioni 100. Kuna zinazoamrisha msuli kubana, kuna zinazoamrisha kulegea, na hizi za kulegeza naomba uzikumbuke maana tutazirudia.

Sasa kuna watoto wanazaliwa bila seli hizo kwenye sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Ni ugonjwa wa Hirschsprung, jina la daktari wa watoto wa Copenhagen aliyeuelezea mwaka 1886, na unampata takriban mtoto 1 kati ya 5,000, wavulana karibu mara nne ya wasichana. Siku mbili zinapita mtoto hajapata choo kile cheusi cha kwanza, tumbo linajaa, anaanza kutapika kijani. Wazazi wengi wanaelewa kwamba kuna kitu kimeziba humo ndani, lakini hakuna. Misuli ipo na ni mizima kabisa, ila imejibana na haina wa kuiambia ilegee, basi, kila kinachokuja kutoka juu kinaishia hapo.

Tiba yake ni upasuaji, daktari Swenson wa Marekani alionyesha njia mwaka 1948: kata kipande kisicho na neva, vuta chenye neva uunganishe chini. Unaokoa maisha na sitaki mtu anielewe vibaya, mtoto wako akiambiwa anahitaji upasuaji afanyiwe. Ila wengi wanabaki na shida kwa miaka, choo kigumu, au kuvuja bila kujijua, au maambukizi ya utumbo ambayo yanaweza kuua. Sababu moja ni kwamba ule msuli wa ndani wa kubana njia ya haja kubwa hauwezi kukatwa wote, ukiutoa mtoto hataweza kuzuia choo, kwahiyo unabaki pale pale bila neva zake. Hapo ndo seli shina zinapoingia, yani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine.

Ila kwanza uelewe hizi neva zinatoka wapi, maana bila hili mengine hayaeleweki. Hazianzii utumboni. Zinaanzia mgongoni mwa kiinitete, kwenye ukingo wa ile sehemu itakayokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, zinaingia utumboni kwa juu kwenye wiki ya nne ya mimba na zinatembea, zinagawanyika zikitembea, mpaka wiki ya saba zimefika mwisho. Nicole Le Douarin wa Ufaransa alilithibitisha kwa namna nzuri sana, alipandikiza seli za kwale kwenye kiinitete cha kuku, na kwa kuwa kiini cha seli ya kwale kinatambulika kwa darubini aliweza kuzifuata kila zilipokwenda. Hirschsprung ni safari hiyo kukatika njiani. Mara nyingi jeni inayohusika inaitwa RET, ambayo ni mpokeaji wa ujumbe kutoka ukuta wa utumbo unaoziambia seli ziendelee mbele.

Kwahiyo wazo letu ni rahisi kulisema: tuzipe nafasi ya pili. Tangu mtafiti Yamanaka wa Japani aonyeshe 2006 kwa panya na 2007 kwa binadamu kwamba seli ya kawaida ya ngozi inaweza kurudishwa kwenye hali ya seli shina, malighafi ipo. Unazipa ishara zile zile ambazo kiinitete kingezipa, kwa mpangilio na kwa siku zake, mojawapo inatokana na vitamini A na ndo inayozifanya ziwe za utumbo na siyo za sehemu nyingine. Mwaka 2016 timu ya Lorenz Studer, New York, ilichukua seli za hivyo za binadamu ikaziweka kwenye utumbo wa panya wenye ugonjwa unaofanana na Hirschsprung, zikasambaa, na panya ambao walikuwa wafe wakaishi. Mwaka 2024 timu za London na Sheffield zikafanya kitu kilichonigusa zaidi, waliweka seli hizo kwenye vipande vya utumbo vya watoto wenyewe, vile vinavyotolewa kwenye upasuaji, na misuli ikaanza kujibu vizuri zaidi.

Sasa ugumu uko wapi? Mimi nasema ni umbali. Seli zinasafiri wakati utumbo wa kiinitete ni wa milimita chache, mlaini, na kila mahali umejaa ujumbe wa kuziita. Mtoto akishazaliwa utumbo umerefuka mara nyingi sana, ukuta umekuwa mnene, ujumbe umepungua, afu tunataka seli tulizozidunga sehemu moja zijaze kote. Kwa panya sentimita chache zinatosha, kwa mtoto hapana. Halafu kuna uwiano: ukipata neva nyingi za kubana na chache za kulegeza umeongeza tatizo lile lile. Na ukitumia seli za mgonjwa mwenyewe zinaweza kuwa na hitilafu ile ile ya RET, lazima uirekebishe kwanza, ukitumia za mtu mwingine kinga ya mwili itazipiga. Juu ya yote, seli shina hata chache ambazo hazikukomaa zikiingia zinaweza kuota uvimbe, na hili huwezi kulikadiria kwa miezi ya panya wakati mtoto ataishi nazo miaka 70.

Ndo maana naona tuanzie padogo. Ule msuli wa njia ya haja kubwa ni mfupi, umbali siyo tatizo. Vivyo hivyo kwa watu wazima wenye akalazia, ambao mlango wa chini wa koo la chakula haulegei kwa kuwa neva zake za kulegeza zimekufa, eneo ni dogo na tunajua hasa seli gani inakosekana.

Kuna njia nyingine pia naipenda sana. Nicolas Pilon na wenzake Montréal mwaka 2020 waliwapa panya wachanga dawa ya GDNF kwa njia ya haja kubwa, ndo ule ujumbe wa RET wenyewe, na neva mpya zikaota bila kupandikiza chochote, baadhi zikitokana na seli za Schwann, yani seli zinazozifunika na kuzitunza nyuzi za neva, zilizokuwa tayari kwenye neva zinazoingia kutoka nje. Panya lakini, tusikimbie.

Kwahiyo anayekuuzia sindano ya seli shina ya kurudisha neva za utumbo leo anauza kitu ambacho hakijaidhinishwa popote. Muulize seli gani, za nani, anazidunga tabaka lipi, na akijibu kwa maneno ya jumla ondoka. Na kama mtoto wako anakwenda kufanyiwa upasuaji wa Hirschsprung, muulize daktari kama kipande kitakachotolewa kinaweza kwenda kwenye utafiti. Tunavihitaji sana, majaribio ya 2024 yasingewezekana bila wazazi waliokubali.